Gonga Mara Tatu

Kijana wangu yuko ng'ambo, hunipigia usiku.
Anasema huko treni zinapita chini ya miguu ya watu,
kuna milango isiyo na kibao, ngazi zilizozibwa kwa matofali,
na juzi wamefungua lifti mpya, watu wakapanga foleni kuiona.
Nikacheka. Nikamwambia, hayo mimi nimeyazoea.
Akadhani natania.

Reli yetu hata juu ya ardhi haikudumu.
Ililetwa kwa ajili ya karanga, karanga zikagoma,
wakaja wakang'oa vyuma kabla sijazaliwa.
Kipande kimoja kilibaki shuleni kwetu Mkwaya,
kinaning'inia kwenye mkorosho, ndiyo kengele.
Ukichelewa, mlio wake unausikia mgongoni.
Na tuta lilibaki, limevaa upupu,
na ndani ya tuta, kalvati.

Watu wazima walijua ni njia ya maji.
Sisi tulijua ni njia.
Unaingia upande wa kisima, unatokea shambani kwa Chitanda,
katikati ya mabibo yake, mbwa hana habari.
Ila ndani pana kona. Sijui fundi gani aliikata kona ile.
Hapo mwanga wa nyuma umekwisha, wa mbele haujaanza,
popo wanakupangusa sikio,
na magoti yako ndiyo macho.

Mfaume Likwena hakuwahi kuiogopa kona.
Alitangulia na ming'oko mfukoni, anatafuna,
akifika upande wa pili anagonga ukuta kwa jiwe:
ko, ko, ko.
Maana yake: njoo, Esha, dunia bado ipo.
Nami nagonga mara tatu. Maana yake: nakuja,
usinimalizie mabibo.

Siku hizi navaa koti la buluu, nakaa kwenye kiti cha plastiki
ndani ya lifti ya hospitali mpya, Mtwara.
Kazi yangu kubonyeza.
Bibi mmoja wa Nanyamba alikataa kutoka ghorofa ya tatu:
"Niliingilia ukumbi wa kijani, mbona mmenibadilishia nyumba?"
Mwingine alivua kandambili akaziacha mlangoni,
akapanda peku; aliposhuka akazikuta zinamngoja.
Siwacheki. Chumba kisicho na dirisha,
kinachokwenda bila kwenda,
lazima mtu akiulize kwao wapi.

Jumanne wakaniletea mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu,
mguu umefungwa, sukari.
Nilimjua kwa taya: alikuwa anatafuna, na mdomoni hamna kitu.
"Esha wa Nanguka! Hili dude linapandaje?"
Mkono wake umeshika upindo wa koti langu.
Mfaume, aliyewahi kumtemea nyoka mate.
"Kwa kamba," nikasema.
Nikajuta papo hapo.

Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu umeme ukakatika.
Gesi inachimbwa kwetu, na giza ni letu.
Nesi akawasha simu, chaji asilimia mbili, ikazima.
Pumzi ya Mfaume ikawa inakwaruza
kama jembe kwenye changarawe.
Nikatafuta la kusema. Maagizo yamebandikwa ukutani,
nani atayasoma?

Basi nikavua bangili, nikagonga bati:
ko, ko, ko.

Kimya. Nesi akasema, dada, utaiharibu lifti.
Kimya.
Kisha, kwa pete au kwa ukucha, upande wa chini,
ko.
Ko.
Ya tatu ikachelewa, kama ilivyokuwa desturi yake.
Ko.
"Yale mabibo," akasema Mfaume, "nilikuwa nakubakishia matatu.
Chitanda ndiye aliyekuwa anayarudia."
Muongo. Punje za kibibo zilikuwa kidevuni mwake kila siku.

Jenereta likakohoa. Taa ikarudi, nyeupe, ya kuumiza macho.
Mlango ukafunguka ghorofa isiyo yetu:
mafundi rangi wamekaa chini wanakula mihogo,
wakatutazama kama tumetoka tumboni mwa tuta.
Mmoja akatukaribisha.
Mfaume akachukua kipande.
Nikabonyeza tena.