Fedha za Ufa

Ukumbi wa hoteli, Delfzijl. Viti mia mbili,
watu sitini na mmoja. Niliwahesabu,
maana mwaka juzi tulisimama hadi ukutani
na kahawa ilikuja na keki.

Mkurugenzi, Bwana Oosterhuis, tai ya kijani,
hulitamka "mwakani" kama wengine wanavyotamka "kesho".
Mwakani mabasi arobaini. Mwakani kiwanda cha pili.
Hasara ya mwaka huu imeandikwa kwa herufi za sisimizi
chini ya picha ya anga.

Akasimama Menno Wiersum, kijana wa mahesabu:
"Haya ni maagizo, au ni barua za nia?
Hata mimi nina nia. Nina nia ya kuoa tangu chuoni.
Kilo ya haidrojeni tunaiuza chini ya gharama yake;
tukiuza maradufu, tunapoteza maradufu.
Betri zimekula magari, zimekula mabasi ya mjini,
sasa zinanusa malori. Sisi tutabakiwa na nini?
Makombo na semina."

Hylke Terpstra hakungoja kipaza sauti.
"Meli haivuki Atlantiki kwa betri, mwanangu.
Nimesimama mbele ya tanuri miaka thelathini na moja.
Najua moto unachokula."

"Ulisema hivyo hisa ikiwa euro kumi na tisa.
Leo ni moja na senti arobaini."

"Basi ni rahisi!"

"Rahisi," akasema mwanamke nyuma yangu,
"kama kiatu cha mguu mmoja."

Ajenda ya saba: hisa mpya, milioni themanini.
Uji ule ule, maji mengine sufuriani,
na kila mtu ataondoka na bakuli lililojaa.

Sikuja pale kutafuta utajiri.
Chini ya nyumba yetu walifyonza gesi miaka mingi,
mpaka usiku mmoja wa Agosti vikombe vikagongana kabatini
na ukuta wa chumbani ukafunguka kama bahasha.
Mkaguzi alikuja na rula. Alipima, akaandika, akaaga.
Fedha zilifika mwaka wa nne, Wiebe keshazikwa:
euro elfu sita na mia mbili, malipo ya ufa.

Sikuuziba.
Nilinunua Eemsvonk, hisa mia tatu na ishirini na sita,
nikitaka fedha ya gesi, angalau mara moja,
ijaribu kununua kitu kinachotoa maji.

"Nawe, Bibi Huizinga," Menno akanigeukia, "unaamini?"

"Hapa si kanisani. Nasoma mizania kama wewe.
Fedha taslimu zinatosha miezi kumi na minne.
Nataka kujua nani atanunua mwezi wa kumi na tano."

Bwana Oosterhuis akanywa maji.
Akanywa tena.

Tukapiga kura. Hylke, kijani, mkono juu kabla ya swali.
Mimi, nyekundu. Hisa mpya zikapita hata hivyo.

Kwenye makoti nilimuuliza Menno: "Mbona huuzi?"
Alihangaika na zipu yake muda mrefu.
"Nilinunua kwa kumi na saba," akasema,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo
alionekana ana umri wake.

Nje, basi la maonyesho lilikuwa likinguruma kwa upole,
bomba lake likidondosha. Hylke akakinga kifuniko cha chupa,
akanywa mbele yetu sote, mvua ikimnyeshea.
"Hayana ladha," akatangaza,
kama mtu aliyeshinda kesi.

Sikuuza hata moja. Usiniulize sana.

Nyumbani nilichukua penseli, nikapanda kitandani na soksi,
nikachora kistari mwisho wa ufa, nikaandika tarehe
chini ya tarehe nyingine, mwandiko wa Wiebe ukiwa juu kabisa.
Tangu Novemba haujasogea.

Hisa imesogea. Senti nne, chini,
na soko lilikuwa bado halijafungwa.