Kutoka Mkiani

Baba yangu Aavo alikuwa mhasibu wa kiwanda cha mbao,
Tartu, ng'ambo ya mto ambao leo umeganda hata mbwa wanauvuka.
Miaka thelathini na minane alihesabu magogo ya watu.
Namba yake mwenyewe aliiweka mfukoni, nyuma ya risiti ya mkate:

73939133

"Haigawiki," aliniambia nikiwa darasa la tatu,
"ila kwa moja na kwa nafsi yake. Ni tasa.
Lakini tasa ziko tele, kama misonobari. Hii ina jambo.
Ikate mkia."
Nikaifunika tatu ya mwisho kwa kidole gumba.
7393913.
"Tasa. Kata tena."
739391.
"Tasa."
Nilidhani ni mazingaombwe. Nilikesha nikigawa
kwa saba, kwa kumi na tatu, kwa kumi na tisa,
na kila mara kulibaki baki,
chembe ya mkate isiyopata mdomo.

Na tukiirefusha?
Akacheka. "Weka moja mwishoni, tatu itaigawa.
Weka saba, tatu itaigawa vilevile.
Shufwa usithubutu, wala tano."
Tatu na tisa zilimchukua kipupwe kizima,
mwishowe nazo zikapasuka.
Hakuna kubwa kuipita yenye sifa hiyo. Ukoo umekomea hapo.

(Miaka mingi baadaye shangazi Salme aliniita tasa, mezani, mbele ya wageni.
Baba aliweka kijiko chini.
"Basi," akasema, "hagawiki.")

Sasa ana themanini na mmoja, na anakatwa kutoka mkiani.
Kwanza ulikwenda mwaka huu: dawa, daktari, jina la muuguzi.
Yakafuata mazishi ya mama. Kila Jumapili anauliza yuko wapi,
nami nimeacha kumjibu kweli.
Kikaenda kiwanda, magogo yote, mlio wa misumeno.
Juzi nimekwenda mimi.
"Nawe ni nani?" aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeulizia bei.
Leelo, nikasema.
"Jina zuri."

Pale sikulia. Nililia kwenye ngazi, nikitafuta glavu niliyokuwa nimeivaa.

Daktari anasema anapungua.
Sawa. Lakini mimi humtazama akila: bado anaanza na ganda,
bado anapanga makombo safu kwa safu,
bado anausukuma mkono wangu nikigusa kifungo chake cha shati.
Hicho kilichobaki, nani atakigawa?

Leo ameniuliza kama shule imefungwa kwa theluji.
Ana miaka saba.
Nimetoa ile risiti, wino umefifia,
nikafunika mstari wote kwa kiganja, nikaacha tarakimu ya kwanza.
Akaitazama sana.
"Saba," akasema.
Kisha akainamisha kichwa, kama mtoto anayechungulia uvunguni:
"Na hapo chini ya mkono wako,
kuna nini?"