Imebaki ya Kulia

Amplifaya ilikufa ubavu mmoja tarehe kumi na mbili Novemba,
Jumatano, mvua ya Hull ikipiga dirisha kwa pembeni,
na dhamana, nilipoifukua kwenye droo ya vijiko,
ilikuwa imekufa tarehe tatu.
Siku tisa.
Maiti wawili chumba kimoja, mmoja kamtangulia mwenzake.

Spika ya kushoto kimya.
Imebaki ya kulia.

Nikapiga simu. Dakika arubaini za muziki wa kusubiri
(muziki wao hauharibiki)
kisha kijana, Gareth, sauti ya mtu aliyekwisha kula:
Una risiti? Ninayo.
Na boksi lake la asili?
Boksi.
Nani anaishi na boksi, Gareth?
Chumba changu chenyewe ni boksi.
Na sponji zake mbili?
Moja nimeitia chini ya mguu wa kitanda,
ya pili naegemeza mgongo nikirudi zamu ya usiku
kiwandani, tunakounda nyumba za kukokotwa na magari,
zenye dhamana, naibandika mwenyewe mlangoni,
ya miaka kumi dhidi ya unyevu.

Sikumwambia nilikuwa nasikiliza nini.

Ilikuwa kanda kutoka Ujiji. Kaka yangu Haruna
aliazima vinasa sauti viwili, akavitega jamvini,
kimoja kwa mama, kushoto,
kimoja kwa Shangazi Mwamvita,
akawaambia: semeni lolote, dada asikie.
Wakasema sufuria.
Ile ya shaba, iliyopotea siku ya arusi ya Tausi,
mwaka ambao hata wao hawaukubaliani.

Sasa shangazi anauliza peke yake.
"Ulikuwa nayo jikoni, ndiyo au siyo?"
Kimya. Jogoo.
"Na mfuniko huu je, wa nani?"
Kitu kama mbu nyuma ya pazia, ndiye mama,
amevuja kidogo upande usio wake,
siambulii neno.
Kila usiku anazidi kuonekana mwizi
na hana wa kumtetea, mwaka wa pili huu yuko udongoni,
mwanawe yuko kwenye foleni ya simu.

Gareth akanipeleka kwa Priti, Priti kwa idara,
idara ikanipiga kalenda,
kalenda ikaisha nikamkuta Gareth.
Nikawatumia picha ya mgongo wa mashine.
Wakaona skrubu moja ina kutu.
Barua ikasema: unyevu, hatuhusiki.
Unyevu! Mji ambao mkate wa juzi umeota ndevu,
ambao soksi hukauka kwa dua!

Bi Maureen wa mlango wa pili, mstaafu wa halmashauri,
akavaa miwani, akaisoma barua mara mbili.
Sheria iko upande wako, mpenzi
(hapa kila mtu ni mpenzi),
miaka sita, usihangaike na kiwanda, waandame wenye duka.
Tukaenda wote, yeye na mwavuli wake.
Duka lilifungwa tangu Aprili.
Pale sasa wanabandika kucha.
Bi Maureen akabandikwa, rangi ya zambarau, ili safari isipotee bure.

Jana usiku nilichoka kuwa na haki.
Nikaigeuza mashine, nikachomoa nyaya zote mbili,
ile nyeupe ya kushoto nikaichomeka penye nyekundu,
nyekundu nikaiacha ining'inie, radhi, shangazi.
Nikawasha.

Mvumo. Jogoo yule yule, karibu zaidi.
Kisha kutoka kulia, kwenye kiti kisicho chake,
mama akasafisha koo,
namna ile aliyosafisha koo kila alipotaka kudanganya:

"Sufuria? Sufuria gani?"

Nilicheka mpaka Bi Maureen akagonga ukuta.