Hodi Kila Sekunde Tano

Koili ya shaba niliizungusha mwenyewe,
raundi ishirini na nne, nikihesabu kwa sauti
ili Candiru wa cherehani, jirani yangu hapa Ediofe,
asinisemeshe nikapoteza hesabu.
Alinisemesha. Zikawa ishirini na tano. Nikaziacha.

Simu inakaa juu yake bila waya,
kama mtungi juu ya ngata.

Kujaza si kazi. Kazi ni baada ya kujaza.
Kibao changu cha kwanza, betri ikishajaa,
kilikata mkondo kikasahau.
Taa ikazima, mteja akaja juu:
"Letiru, simu yangu umempa nani?"
na simu ipo, mbele ya macho yetu sote.
Cha pili kilikuwa na kiherehere:
kikate, kianze upya, kikate,
kimlishe aliyeshiba,
hadi betri ya mwalimu Adriko ikavimba
kama chapati kikaangoni. Nililipa.

Hiki cha tatu nimekitia adabu.
Simu ikijaa, kinanyamaza.
Ila kila sekunde tano kinatoa mpigo mmoja,
mdogo kuliko njaa ya sisimizi:
hodi?
Simu haisemi karibu. Haisemi kitu.
Lakini kule kuwepo kwake kunaigusa ile hodi,
volti inashuka kidogo,
kama godoro linavyobonyea
upande aliolala mtu,
na kwa kubonyea huko najua: ipo.
Taa ya kijani inabaki.
Ikiinuliwa, mpigo unarudi mzima,
haukukuta mwili wa kuugusa,
na taa inalala.

Jumanne Ezati wa malori alinipa simu na mia tano.
"Napeleka simenti Koboko. Saa kumi niko hapa."
Saa sita ilikuwa imejaa.
Saa kumi ikapita, na mvua, na soko likafungwa.

Leo Ijumaa.
Imeshuka, imejazwa, imeshuka, imejazwa,
na katikati ya hayo, hodi, hodi,
sijui mara elfu ngapi.
Candiru anasema nichomoe, nitunze sola,
simu ya mtu si mgonjwa wa kukesha naye.
Nimezima redio. Nimezima feni.
Kibao nimekiacha.

Usiku huu ikalia, jina kwenye kioo: Nyumbani.
Ilishalia mara kumi na moja, nami naiangalia tu.
Nikapokea.
Sauti ya mwanamke, bila salamu:
"Yupo?"
Nikatazama ile taa ya kijani,
kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho.
"Ipo," nikasema.

Akasikia.
Akanyamaza, kama sekunde tano.
Kisha akauliza tena.