Kutoboa si Kupanua

Hapa Kibuye kila mtu anataka kutoboa.
Mimi nataka kupanua.
Keekee hutoboa, ikaacha tundu la unene wake,
zaidi ya hapo haijui;
lakini nyumba ya beringi ya kinu cha Mama Nyaugo
inadai milimita themanini, unywele usizidi,
na keekee ya themanini sijaiona hata ndotoni.

"Kichwa cha kupanulia kipo," alisema wakala kwenye simu,
"elfu thelathini na nane, bila usafiri."
Nyaugo atanilipa elfu mbili na mia tano.
Nikakata simu.
Nikakata na ekseli ya lori.

Siku mbili msumeno uliila ile ekseli.
Kipande juu, kipande chini,
katikati mfereji, mwembamba mdomoni, mpana tumboni,
mtungi uliolazwa,
ili cha ndani kitembee na kisitoke.
Pembe niliipima kwa bati la pande tatu sawa
nililolikata kwenye mlango wa friji bovu.

Bluu ya kufulia nikaikoroga na grisi,
nikapaka, nikasugua, nikachungulia
wapi chuma kinamgusa mwenzake, wapi kinasingizia.
Palipochukua rangi ndipo palipojivuna:
nikapakwangua. Tena. Tena.
Ogalo, kijana wangu wa kazi, akauliza,
"Fundi, unafua au unapika?"
Saa tisa stima ikapotea. Tukaendelea.
Tupa haina tokeni.

Skrubu, mzunguko mmoja milimita moja.
Pete ya mistari ishirini: niliigawa kwa gia
ya meno arobaini, jino nachora, jino naruka.

Jumamosi, mashine kuukuu iliyotoka kiwanda cha pamba
ikakishika kichwa changu, ikakizungusha.
Vumbi jeusi likamwagika mezani;
kinu kilianza kwa kujisaga chenyewe.
Zilibaki sehemu nne za kumi za milimita.
Nikahesabu mistari minane, kwa mkupuo, kwa raha.

Beringi ikaingia upande huu
ikatokea upande ule,
ikabingirika hadi mguuni pa Ogalo.

Kisu kinasimama upande mmoja, nilisahau,
lakini kinazunguka.
Ukisogeza moja, tundu linakula mbili.
Hivyo ndivyo linavyokula deni la duka, nalijua vizuri;
sikudhani chuma nacho kinakopesha.

Nikapanua zaidi, liwalo na liwe,
nikalivisha tundu pete ya ndani, nikaanza upya,
mstari, pumzi, mstari.
Jumapili jioni beringi ilikataa,
halafu ikakubali, kwa kidole gumba tu.

"Mbona ina pete mbili?" aliuliza Nyaugo, ametoka Ahero na gunia la kukibebea.
"Ni ya kuongeza nguvu," nikasema.
Ogalo akatazama sakafu.

Alipokwisha kwenda nilichukua patasi,
nikagonga ubavuni pa kile kichwa: MOJA NI MBILI.
Ogalo akasoma, akauliza
kama hilo ndilo jina lake.