Kichwa cha Tisa

Jumanne huosha vichwa kumi na vinne.
Mimi huwa cha tisa.
Alinisimulia haya shingo yangu ikiwa kwenye beseni,
maji yamenijaa masikioni,
kwa hiyo nusu nimeisikia, nusu nimeijaza.

Zulmira, miaka kumi na tisa,
mwanagenzi katika saluni ya Bi Graça, Covilhã,
kwenye mteremko ule ambao hata mbwa huupanda akipumzika.
Osha mara mbili, aliambiwa siku ya kwanza,
mteja hulipia povu.
Na povu kweli linapendeza:
linapanda viwikoni kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni,
linanukia tufaha
ambalo halijawahi kuning'inia kwenye mti wowote.

Ilianza chini ya pete.
Pete nyembamba ya fedha, ya kumaliza shule.
Wekundu kidogo, kama mtu aliyeona haya.
Akaivua pete.
Haya ikabaki.
Kisha katikati ya vidole, kisha kwenye vifundo,
ngozi ikakunjamana kama gundi kwenye bahasha ya zamani.
Usiku alikuna kwa blanketi, kwa ukingo wa kitanda, kwa meno.
Akikamua ndimu juu ya samaki
alijua kila ufa ulipo.

Daktari wa ngozi, kijana mwenye tai iliyopinda,
alimchorea kiluwiluwi nyuma ya karatasi ya dawa.
Hiki kichwa kinapenda maji, alisema.
Huu mkia unapenda mafuta.
Mkia hung'ata, kichwa huvuta, uchafu huenda zake.
Na ngozi yangu?
Kiluwiluwi hakina macho, binti.
Mafuta ya mteja, mafuta yako,
kwake ni mafuta.

Akapewa kopo la kitu cha manjano, kizito,
chenye harufu ya zizi baada ya mvua.
Baba yake, aliyeosha manyoya ya kondoo kiwandani
mpaka siku kiwanda kilipofungwa kufuli,
alinusa kifuniko, akacheka hadi akakohoa.
Mafuta ya sufu!
Haya ndiyo tuliyokuwa tukiyang'oa kwa sabuni,
mapipa kwa mapipa,
na leo tunauziwa kwa kijiko.
Mama yako alichambua manyoya kabla hayajaoshwa,
alikuwa na mikono ya bibi harusi.
Mimi niliyeyaosha...
Hakumaliza. Alitia mikono mfukoni.

Wahenga walisema mwosha huoshwa,
lakini wao walikuwa wakiwaza maiti na sanda.
Hawakumwaza Zulmira,
saa tano asubuhi, redio inataja hali ya hewa,
amevaa glavu za zambarau zilizomzidi vidole,
amebonyeza chupa mara moja badala ya nne,
maji vuguvugu,
Bi Graça akimtazama kupitia kioo
kama mtu anayehesabu chenji.

Wanne kabla yangu walikaa kimya.
Mmoja alisema glavu zinamvuta nywele.
Na yule aliyeuliza, kwa sauti ya kusikika saluni nzima,
mbona leo povu haba,
Zulmira, umechoka au mnabana matumizi?
alikuwa kichwa cha tisa.

Nilirudi nyumbani nywele zimetakata.
Nilizishika. Hazikupungukiwa na kitu.