Doa la Pakadi

Alikagua kwa kurunzi, magoti kwenye vumbi la mkonge:
namba ya injini ileile,
rangi ileile ya mwaka thelathini na nane;
hata saa ya dashibodi, iliyofia saa nne na robo,
akaiongezea laki tano.
"Kisichoguswa," alisema, "ndicho ghali."

Bi Somoe Nnunduma kimya.
Marehemu alipewa Pakadi badala ya mishahara
shamba la Kikwetu lilipofungwa.

Kurunzi ikafika kiti cha nyuma.
"Hili doa linapunguza milioni mbili."

Doa?
Masika, njia ya Ndanda, daraja limekwenda na maji,
taa zikiwaka kwa mbinde:
hapo ndipo alipozaliwa Asumini.

"Rudisha hizo mbili," akasema,
"halafu uongeze tatu."

Mgeni akaikagua tena
ile saa.